Msaragambo wa Ofisini

Kama una binti na amepata kazi ya ofisini, mpe hongera, mpikie wali, kisha mkalishe umwulize: bosi wake alimwambia nini siku ya kwanza? Akijibu, "Mama, amesema pale sisi sote ni familia moja," usimpongeze mara ya pili. Mnunulie dawa ya kuchua mgongo. Maana mama wa hiyo familia atakuwa yeye, na watoto wake ni wanaume wazima wenye ndevu.

Haya sikusimuliwa, nimeyaona. Mimi niliishia darasa la saba, huko kwetu Mhezi, na ofisi nilikuwa naijua kwa kusimama dirishani nikisubiri kugongewa muhuri. Lakini mwaka huu nimekaa ofisini kuliko baadhi ya watu wanaolipwa mshahara kwa kukaa huko. Binti yangu Justa alijifungua, mtoto tukamwita Esta, na likizo ikaisha kabla Esta hajajua kugeuka mwenyewe kitandani. Nikafunga mlango wangu, kuku nikamwachia jirani, nikashuka Same kumshika mtoto. Mume wake, Eliezeri, yuko Ndungu na mpunga wake. Anakuja Jumamosi na pikipiki, anambeba mtoto, anapigwa picha, anarudi mashambani. Baba bora kabisa, ukiziangalia picha.

Sheria inasema mama anayenyonyesha apewe muda wake kazini wa kwenda kunyonyesha. Meneja wa Justa hakuwa na shida yoyote na sheria. Alikubali kwa moyo mweupe, ilimradi Justa huo muda asiutumie. Ndipo tukaona bora mtoto aletwe kazini. Kila asubuhi nambeba Esta mgongoni, tunakwenda na mama yake, nakaa kwenye benchi nyuma ya ofisi, kwenye kivuli. Benchi lenyewe liko chini ya dirisha la chumba cha mikutano, na dirisha lile halifungwi, kwa sababu Same kuna joto na feni yao inazunguka siku ikijisikia. Kwa hiyo sikuwahi kutega sikio. Maneno yalikuwa yananidondokea tu.

Ofisi yenyewe inanunua tangawizi kwa wakulima wa milimani, inaikausha, inaipeleka Dar. Jina silitaji. Sisi Wapare tunasifiwa kwa kupenda kesi, lakini mimi nimetosheka.

Meneja anaitwa Clemence. Msinielewe vibaya, ni mtu mzuri. Ana salamu, ana sala, hajawahi kumpigia mtu kelele. Ndiyo maana inachukua muda kugundua anachokufanyia. Kuna Sadock, afisa wa shambani, kijana mtanashati, anaimba besi kwaya ya kanisani na akisema "habari za asubuhi" unaona kama ibada imeanza. Kuna Sharifa, mhasibu, mtoto wa wafanyabiashara wa hapa hapa mjini, mdomo wake hauna kufuli. Halafu kuna Justa wangu, kaimu msimamizi wa ununuzi.

Kaimu, kwa msiojua, ni mtu anayefanya kazi ya cheo bila cheo. Msimamizi wa zamani alihamia Arusha kabla Justa hajashika mimba. Wakamwambia shikilia kidogo. Akashikilia. Mimba ikaingia, ikakua, akashikilia. Akajifungua, akarudi, akakuta kile kidogo chake kinamsubiri mezani kimeshika vumbi.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa asubuhi za kawaida.

"Dada Justa, ile ripoti ya wiki imefikia wapi?" Huyo Sadock.

"Ripoti yangu au yako?"

"Dada naye! Si yetu. Sisi ni wamoja."

"Haya, iache hapo, nitaimalizia."

"Ubarikiwe sana, dada yangu."

Sadock alikuwa mtu wa kubariki. Kama baraka zingekuwa zinalipa kodi ya nyumba, Justa angekuwa na ghorofa pale stendi. Na si Sadock tu. Mkulima akija na hasira, "Justa, njoo uongee naye, wewe una lugha." Mashine ya kuchapisha ikigoma, "Justa, wewe inakusikiliza." Mgeni akija, birika kwa Justa. Msiba ukitokea, kupiga simu na kupanga usafiri ni Justa. Niliwahi kumwona amebeba mafaili mkono mmoja, sahani ya vitumbua mkono wa pili, simu ameibana shingoni, na kifua kimelowa maziwa kwa sababu mtoto hajanyonya. Clemence akapita, akatabasamu, akasema, "Huyu ndiye nguzo yetu." Ni kweli kabisa. Nguzo umeiona wapi ikipandishwa cheo? Nguzo inaongezewa paa.

Nilijua alikotoa hiyo tabia. Aliitoa kwetu.

Kwetu milimani tuna msaragambo. Mfereji ukiziba, au ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji, likijaa tope, baragumu linapigwa jioni na kesho yake kijiji kizima kiko juu na majembe. Huulizi shamba la nani litapata maji kwanza. Unachimba, mnaimba, mnakula makande, mnashuka. Mtu akianza kusema "mimi leo nimechimba kuliko wote," anachekwa mpaka watoto wake wanachekwa. Justa amekulia humo. Tangu anaota meno alikuwa mgongoni kwangu kwenye mfereji. Alipofika ofisini akaona tope, akainama. Akadhani akiinuka atakuta wenzake nao wameinama.

Mwezi wa tatu, Siku ya Wanawake, ofisi ikasema wanawake wa Same lazima wakombolewe. Wakakodi ukumbi pamoja na ofisi nyingine, vitenge vya sare, maji ya chupa, na mshauri kutoka Moshi, dada mmoja anaitwa Fortunata, kazi yake ni kuwashauri wanawake waendelee kazini. Mimi nikaenda kwa sababu mtoto ananyonya, na kitenge hawakunipa.

Fortunata alikuwa na viatu virefu na kipaza sauti cha kubana sikioni.

"Wanawake wenzangu, tatizo letu hatujiamini! Kila asubuhi simama mbele ya kioo, jiambie: mimi ni simba!"

Ukumbi mzima: "Mimi ni simba!" Kwetu Mhezi mtu akiamka akasema yeye ni simba, mchungaji anaitwa kabla ya chai.

Akaendelea. Bosi akiwa mgumu, mletee tabasamu. Matatizo ya nyumbani yaache getini. Hapo Justa alikuwa ananyonyesha chini ya khanga, akaangalia chini kana kwamba titi ndilo lililotajwa. Kisha likaja lenyewe: "Usikatae jukumu! Kila jukumu unalopewa ni ngazi. Sema ndiyo, panda ngazi!"

Wakapiga makofi. Justa naye akapiga, kwa mkono mmoja.

Fortunata akaniona. "Tuna bibi yetu pale nyuma na mjukuu! Bibi, shikamoo. Tupe neno kwa mabinti zetu."

"Marahaba. Sina neno, nina swali."

"Uliza, bibi, uko huru!"

"Hizo ngazi zinaegemezwa wapi? Huyu wangu anazo nyingi, zimejaa nyumba nzima. Ukuta ndio hatujaonyeshwa."

Sharifa alicheka mpaka maji yakamtoka puani. Fortunata naye akacheka, akasema, "Bibi zetu wana hekima jamani, tumpigie makofi ya kilo!" Nikapigiwa. Nikakaa. Swali likabaki vile vile, limepigiwa makofi.

Baada ya Pasaka ndipo mambo yakaiva. Nilikuwa benchini namchua Esta mafuta, nikasikia kikao kinaanza juu ya kichwa changu.

"Ndugu zangu," Clemence akasema, "wakubwa wanakuja kutoka Dar. Watakagua, watasikiliza wasilisho letu, na wakiwa hapa hapa watapitisha jina la msimamizi wa ununuzi. Ukaimu sasa basi."

Nikamwambia Esta, "Unasikia mama yako?"

"Wasilisho atalitoa Sadock," Clemence akaendelea. "Sadock ana sauti. Justa, wewe utamwandalia. Si ndiyo?"

Halafu nikasikia sauti ya mtoto niliyemzaa mwenyewe: "Sawa, meneja."

Kikao kikavunjika. Sharifa akatoka kwa mlango wa nyuma, akaketi benchini, akamchukua Esta kutoka mikononi mwangu.

"Shikamoo, Bibi Esta. Umesikia?"

"Marahaba. Nimesikia. Kwani siku hizi tangawizi inanunuliwa kwa sauti?"

"Kama inanunuliwa kwa sauti, mimi nitaanza kuuza kikohozi." Akaangalia nyuma, akainama. "Sikiliza. Jina lililopelekwa Dar ni moja. Na si la binti yako."

"La nani?"

"La kwaya."

Nilihisi baridi, na Same hakuna baridi. "Mbona yeye ndiye anaifanya hiyo kazi?"

"Nilimwuliza meneja hivyo hivyo. Ananiambia, 'Justa hajawahi kusema anaitaka. Na ana mtoto mchanga, nisimtwishe mzigo.'"

Jamani, huruma nyingine. Mzigo anao kichwani tangu mwaka juzi, wanachomnyima kwa huruma ni kata ya kuuwekea.

Jioni tulikuwa nyumbani tunachambua maharage. Sikuzunguka. Nikamweleza yote aliyosema Sharifa. Justa akaendelea kuchambua, mawe huku, maharage huku.

"Wakija wataona wenyewe, mama. Kazi inaonekana."

"Inaonekana kwa nani?"

"Kwa watu. Si hata kwetu msaragambo hakuna anayejitangaza? Kazi ni ya wote."

Nikaweka ungo chini. "Justa, wewe msaragambo unaukumbuka au unakumbuka nyimbo?"

"Mama, nimekulia mferejini."

"Ulikulia mgongoni. Mgongoni mtu anaona mawingu. Unadhani watu wote wale walikuwa wanapanda kwa sababu ya upendo? Mzee wa mfereji alikuwa anatangulia na fimbo yake anapima. Kipande hiki cha nyumba ya fulani, kile cha fulani, anachomeka kijiti. Saa za makande anapita tena kipande kwa kipande. Asiyekuja, kipande chake hakiguswi. Kinaachwa na tope lake, kila mtu akione. Na jioni wanamfuata kwake wanamkamata kuku. Akiwa hana kuku wanaondoka na sufuria."

Akacheka. "Hata sufuria?"

"Yenye mboga. Sasa niambie, ofisini kwenu nani anapita na fimbo? Clemence? Clemence anapita na tabasamu. Wewe unachimba chako, unachimba cha Sadock, unafukia mpaka vijiti. Hao wa Dar watakuja waone mfereji unapitisha maji, na kijana amesimama juu yake anaimba. Watasema nini? Watasema amechimba vizuri."

Akainuka akamlaza mtoto. Aliporudi akauliza, "Na mama, ingekuwa mtu mmoja anachimba vipande vya wenzake kwa siri?"

"Wangempeleka hospitali."

Asubuhi yake kikao kikakaa tena, nami niko mahali pangu. Nikasikia Justa anaongea, taratibu tu, kama anayesoma matangazo ya kanisani.

"Meneja, kuhusu wasilisho. Nimeligawa. Sadock atasema habari za wakulima na ugonjwa wa kuoza kwa tangawizi, kwa sababu yeye ndiye wa shambani. Sharifa malipo. Wewe mikataba. Mimi ununuzi na ghala. Kila mtu aandae kipande chake, asimame juu yake mwenyewe."

"Vizuri sana," Clemence akasema. "Ushirikiano. Halafu wewe utaviunganisha."

"Nitaviunganisha nikivipata."

Wakacheka. Sadock akasema, "Dada Justa leo kaja na mambo ya vijijini," na sauti yake ilikuwa nzuri hata kwa kejeli. Walicheka kwa sababu walimjua. Walijua siku ikikaribia atainama.

Na mimi, niseme ukweli, nilijua hivyo hivyo. Siku zikawa zinayoyoma. Sharifa akaleta chake. Justa akamaliza chake. Clemence akawa anasema kesho. Sadock alikuwa na mazoezi ya kwaya, wanakwenda mashindano. Usingizi ukanipaa. Maneno ni rahisi ukiwa na ungo wa maharage mapajani, lakini nikaanza kuona picha: wakubwa wamekasirika, ofisi imeaibika, Justa amefukuzwa, Eliezeri anasema si nilisema arudi Ndungu, mtoto anakulia kwenye mbu wa mpunga. Nikamfuata jikoni.

"Mwanangu, mwandikie tu Sadock. Mara hii ya mwisho. Andika, mpe, ufunge mdomo, kibarua kisiote nyasi."

Akanigeukia na mwiko mkononi. "Mama. Juzi ulisema kipande hakiguswi."

"Juzi nilikuwa nasimulia. Sikusema ukafanye!"

"Huyo ndiye kuku wake, mama. Mwache akamatwe."

Nikarudi kwa mtoto nikapiga magoti nikaomba. Mungu alisikia mambo mengi wiki ile, na mengine yalipingana.

Wageni wakafika na gari jeupe lenye vumbi jekundu. Wanaume wawili, na mama mmoja mtu mzima, suti ya kijivu, nywele fupi, wanamwita Mama Honorata. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, ingawa Clemence alianza kwa kuwasalimia wale wanaume, akamfikia yeye mwisho na kumwuliza kama amechoka na safari.

Nikakaa benchini. Jua lilikuwa kali mpaka mbuzi wa jirani walihamia upande wangu. Nikasikia Clemence anafungua kwa sala, mikataba akaipitia juu juu kama mtu anayevuka moto, akamkaribisha Sadock.

Sadock alisimama, nikasikia kiti kikisogea. Akaanza. Naapa, alianza vizuri. Alisema Pare ni ardhi ya baraka. Alisema mkulima ni uti wa mgongo. Alisema tumetoka mbali, tulipo si haba, tuendako ni mbali zaidi. Kama si mtoto kunibana mkono ningesema amina.

Akamaliza. Mama Honorata akasema, "Asante. Huu ugonjwa wa kuoza, msimu huu umeshika wapi?"

"Ugonjwa... ni changamoto, mama. Changamoto kubwa."

"Ndiyo. Wapi?"

"Sehemu za milimani."

"Tangawizi yote inatoka milimani, kijana. Ulikwenda lini mara ya mwisho?"

Sikuona, lakini Sharifa alinisimulia baadaye: macho yote yaligeuka taratibu kwa Justa, kama ng'ombe wanavyogeukia mtu mwenye pumba. Na kweli alijua. Mashina yenye ugonjwa yalikuwa yanaletwa kwake, picha zinatumwa kwenye simu yake, na wakulima wakipiga walikuwa wanampigia yeye.

Hapo hapo Esta akaanza kulia. Nikampa kidole, akakitema. Nikamtikisa, nikamwimbia, nikamziba na khanga. Alilia kama anayedai haki.

"Justa," Clemence akasema kwa ile sauti yake laini, "hebu msaidie mwenzako."

Nikafumba macho. Nilimjua mwanangu. Nilikuwa nimeshasikia "sawa, meneja" kabla haijatoka.

"Kipande hicho ni cha Sadock, meneja," Justa akasema. "Tuligawana mbele yako. Changu kinafuata, nikifika nitajibu nitakachoulizwa."

Mungu wangu. Nilisikia feni. Yule mwanaume mmoja wa Dar akakohoa. Clemence akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba kanisani. "Huyu dada yetu leo... ni uchovu wa mtoto, mtatusamehe."

"Sijachoka," Justa akasema.

"Basi endelea na chako," Mama Honorata akasema, "na mtu amletee huyo mtoto hapo nje maji au mama yake."

Hakujua mama mwenyewe ndiye huyo anayeambiwa aendelee. Justa akaendelea na chake, na mtoto analia. Hakusema vya ajabu, nisije nikawadanganya kwamba mbingu zilifunguka. Alieleza walivyonunua, wapi walizidiwa na wanunuzi wa magendo, na mzigo uliolowa ghalani mvua za kwanza, akasema hapo alikosea yeye, alichelewa kuagiza turubai. Nikauma khanga. Unataka cheo unataja na turubai? Lakini kila walipouliza alisema "nilifanya" au "sikufanya". Sharifa akasoma malipo, wakamaliza.

"Nina jina moja hapa la nafasi ya msimamizi," Mama Honorata akasema. "Ni la huyu kijana. Kazi yenyewe anaikaimu nani?"

"Justa," Clemence akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu... alikuwa hajapata huyo mtoto."

"Mbona jina lake halikuja?"

"Hakuonyesha nia, mama. Na tuliangalia hali yake, majukumu ya nyumbani. Tulimwonea huruma."

"Mimi nina watoto wanne," mama yule akasema. "Sikumbuki kuonewa huruma ikaingia kwenye mshahara. Wewe, Justa. Unaitaka hii nafasi au huitaki?"

Sasa hapa, mama mwenzangu mwenye binti, simama nami kidogo chini ya dirisha. Huyu ni mtoto tuliyemlea akiulizwa "una njaa?" aseme "hapana, asante." Akipewa kiti ampishe mwingine. Akisifiwa aangalie miguu. Tumemfundisha tukamaliza, tukajisifu ana adabu. Na hapo alipo, watu wa Dar wanamwuliza mara moja tu, hawatamwuliza tena, wana safari.

"Naitaka," Justa akasema.

Haikuwa kwa sauti kubwa. Baada ya hapo kidogo akaongeza, "Na ningeomba jina langu liandikwe leo, mkiwa hapa."

Wakamwambia atoke wajadili. Akatoka kwa mlango wa nyuma, uso umemvimba, vifungo vya blauzi nikamfungulia mimi. Esta akarukia titi kama hajawahi kula tangu azaliwe.

"Umesema uandikwe leo?" nikamnong'oneza. "Leo leo? Mbele ya wakubwa?"

"Ndiyo, mama."

"Umepatia wapi jeuri hiyo?"

"Kwako."

"Usinitaje. Wakikuuliza, sema ni yule wa Moshi, wa simba."

Akacheka, machozi yakamtoka, akayafutia kwenye kofia ya mtoto. Tukakaa. Sijui ilikuwa muda gani. Mbuzi walihama tena na kivuli. Kupitia dirishani nilisikia sauti ya Sadock ikisema jambo, safari hii bila besi, na ya Mama Honorata ikimkatisha. Kisha viti vikasogea, gari likawashwa upande wa mbele.

Clemence akatoka kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ameshika leso, anajifuta shingo. Akanisalimia tena ingawa tulisalimiana asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akamgeukia Justa. "Wamepitisha. Kuanzia mwezi ujao, wewe. Miezi ya majaribio kwanza, kisha watathibitisha." Akajifuta tena. "Hongera. Lakini Justa, umenidhalilisha. Mbele ya wageni. Mimi sikutegemea wewe. Wewe tulikuwa tunakuona mtu wa kushirikiana."

Nilimwona binti yangu anafungua mdomo, na nilijua "samahani" imeshafika kwenye ulimi, inatafuta viatu tu. Nami nilitaka aiseme! Niliombea aiseme, yaishe, huyu ndiye atakayemwona kila siku, watu wa Dar wameshaondoka. Nikamfinya paja.

Hakuisema. Alimhamisha mtoto titi la pili.

Clemence akasubiri. Alipoona hakuna kinachokuja akakunja leso. "Haya. Basi ukimaliza ingia, utuandikie muhtasari wa kikao. Wanautaka leo kwa barua pepe."

"Bado ananyonya, meneja," Justa akasema. "Mwambie Sadock aanze."

Yule mtu alisimama pale, akamwangalia, akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi kana kwamba mimi ndiye ninayetunza funguo za mdomo wake. Mimi nikaangalia mbuzi. Mwisho akageuka, akaingia.

"Punguza basi sauti, mwanangu," nikamwambia. "Cheo chenyewe hakijakauka."

"Mama, hata sijapaza."

Ni kweli, hakuwa amepaza. Juu ya kichwa changu, dirishani, nikasikia Sadock anamwuliza Sharifa kalamu zinakaa wapi.